Sindano ya Keinan

Bomba lilikohoa kabla ya adhana. Lilikohoa, likanyamaza, likakohoa tena, na Idman alikuwa ameshaketi kitandani akipapasa sakafu kutafuta ndala zake.

Mtaani Galbet maji hayakuwa na siku yake. Yalikuja yalipopenda, na mwenye usingizi mzito aliamka akakuta majirani wamejaza mitungi na bomba limekauka. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa kusikia. Katika nyumba ya Sahara mtu huyo alikuwa Idman, binti wa miaka tisa, na hiyo haikuwa kazi yake pekee. Sahara aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na Kiswahili chake kilikuwa cha bei na salamu tu. Ofisini, kliniki, sokoni kwa wateja wa bara, ni Idman aliyesimama katikati, akipokea maneno upande mmoja na kuyatoa upande mwingine.

"Hooyo, maji," alisema, akimgusa mama yake begani.

Sahara alitoka na mitungi. Jirani yake Yurub alikuwa amefika, na mgongoni alikuwa na mwanawe mdogo, uso umefungwa shali kutoka kidevuni hadi utosini.

"Ana nini?"

"Qaamoqashiir," alisema Yurub, yaani matubwitubwi. "Ameitoa duksi, kwenye darasa la Kurani. Maalimu amewarudisha watoto nyumbani, ananiambia darasa zima lina mashavu kama wamemeza maandazi bila kutafuna."

Yurub alicheka kidogo kisha akaacha, kwa sababu Sahara hakucheka. Sahara alikuwa akitazama mlango wa nyumba yake, ambako Keinan, mwanawe wa kwanza, alikuwa bado amelala. Keinan alikuwa na miaka kumi na mitatu na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Na mumewe Sahara alikuwa na ndugu aitwaye Ogle, aliyeugua ugonjwa huo akiwa kijana. Ogle alioa mara mbili. Wake wote wawili waliondoka kwa heshima, bila kusema neno, na wote wakapata watoto kwingine.

"Abaayo, jaza tu kwanza wewe," Yurub alisema, akauondoa mtungi wake chini ya bomba. "Mimi huyu amenikesheza, nitajaza nikijaliwa."

*

Kliniki ya serikali ilikuwa na benchi moja refu na chupa ya maji ya baridi ambayo muuguzi, sista Nkirote, aliileta mwenyewe kila asubuhi kwa ajili ya akina mama wanaongoja. Alikuwa mtu wa Meru. Alikuwa amekaa Garissa miaka mingi hadi akasahau kuhesabu, na alijua kuwaamkia watu kwa Kisomali na kuuliza habari za mifugo kabla ya kuuliza ugonjwa.

Alizitazama kadi za Idman na Keinan.

"Mwambie mama hawajakosa kitu," alimwambia Idman. "Surua na rubella walichanjwa wakiwa wadogo. Lakini matubwitubwi hayamo kwa zile sindano zetu."

Idman aliyageuza maneno.

"Muulize kwa nini hayamo," alisema Sahara.

"Anauliza kwa nini hayamo."

Nkirote aliweka kadi chini. Alikuwa ameulizwa swali hilo mara nyingi wiki hiyo, lakini alilijibu taratibu kama lilikuwa la kwanza. "Mwambie serikali inapiga hesabu. Magonjwa ni mengi, pesa ni kidogo. Surua inaua watoto, basi inalipiwa kwanza. Matubwitubwi yanavimbisha shavu, mtoto analia siku chache, yanaenda. Kwa hivyo pesa ikigawanywa inaisha kabla ya kuyafikia."

"Anasema haya hayaui," Idman alifupisha.

"Muulize na lile lililompata adeer Ogle."

Idman alimgeukia mama yake. "Adeer Ogle alipatwa na nini?"

"Wewe uliza tu."

"Anauliza kuhusu lile lililompata ami yangu."

Nkirote alimtazama Keinan, aliyekuwa ameegemea mlango akijifanya kusoma tangazo la vyandarua, akaelewa. "Mwambie ni kweli. Kwa mvulana mkubwa wakati mwingine yanashuka chini. Si wengi, na hata hao wengi wao hupona. Na mara chache sana yanapanda juu, yanaingia kichwani, au masikioni, kwa mtoto yeyote."

Idman alitafsiri habari ya wavulana. Alipofika kwenye kupanda juu mama yake alikuwa ameshainua mkono.

"Inatosha, nimesikia. Muulize hiyo sindano inapatikana wapi."

Idman akauliza. Ile sehemu ya mwisho haikusemwa.

"Mjini, kwa kliniki ya kulipa," alisema Nkirote. "Waambie ile ya tatu kwa moja. Lakini mwambie bei si ya mchezo, na kama mtoto ameshaambukizwa haitamsaidia. Kama anaenda, aende leo."

Aliwamiminia maji wote watatu kabla hawajatoka juani.

*

Kerrow, mumewe Sahara, alikuwa Banissa akinunua mbuzi. Simu ilikatika mara mbili kabla ya kumpata.

"Pesa ya maziwa inatosha mmoja," Sahara alimwambia. "Nikiongeza ya chakula haifiki wawili. Huwezi kutuma?"

"Nitume nini? Huku mbuzi amebaki ngozi na macho. Nimenunua, sijauza. Nikiuza huku nitapewa bei ya kuku." Upepo ulivuma ndani ya simu. "Kijana kwanza, Sahara. Unajua mwenyewe."

"Najua."

"Msichana ataumwa shavu, atapona. Nimeugua mimi, wewe umeugua. Nikifika, naye atapata yake."

"Najua," Sahara alisema tena. Idman alikuwa nje akiwapanga wanasesere wa vitambaa kivulini, akiwasemesha kwa Kiswahili cha shule, na kila mmoja akimjibu kwa sauti yake.

Kliniki ya kulipa ilikuwa na viti vya ngozi na feni iliyozunguka kweli. Msichana wa mapokezi, Abigael, aliutazama mtungi mdogo wa maziwa mkononi mwa Sahara. "Hiyo ikae nje," alisema. "Inanuka. Na viti ni vya waliolipa."

Idman hakutafsiri habari ya kunuka. "Anasema maziwa yakae nje kwa kuwa ndani kuna joto," alimwambia mama yake, na Sahara akatoka na mtungi, akauweka kwenye kivuli cha ukuta, akarudi akasimama.

"Sindano ni elfu tatu na mia tano," alisema Abigael. "Ni ya mmoja ama wawili?"

"Anauliza mmoja au wawili."

Sahara alikuwa ameshika noti ndani ya kitambaa, zimekunjwa mpaka zimekuwa ngumu. Alikifungua kitambaa kana kwamba huenda zimezaana njiani.

"Mwambie mmoja."

"Mmoja," alisema Idman. Kisha akamgeukia mama yake. "Atauliza nani."

Sahara alitazama ukuta. "Mwambie kaka yako."

"Anasema kaka yangu."

Abigael aliandika jina. Kalamu yake ilisimama. "Na wewe?"

Hilo Idman hakulitafsiri. Alilijibu mwenyewe. "Mimi baadaye."

Abigael alimtazama mtoto yule kwa muda. Alifungua droo, akatoa peremende, akampa. Kisha, bila kumtazama mtu, alisema, "Mwambie mama akae. Viti viko vitupu tu."

Njiani kurudi Keinan alijikamata mkono kama uliovunjika.

"Ulilia," alisema Idman.

"Lile lilikuwa jasho."

"Jasho la macho."

"Nipe nusu ya peremende, mimi ndiye mgonjwa."

Alimpa. Sahara aliwafuata nyuma na mtungi wake mpaka nyumbani.

*

Shavu la Idman lilivimba kabla Kerrow hajarudi. Lilianza la kushoto, kisha la kulia, mpaka shingo ikapotea. Keinan alipelekwa kwa ami yake Ogle, ambaye alikuja kumchukua mwenyewe, akasimama nje ya dirisha na kumwambia Idman kwamba atamlisha kaka yake maharagwe matupu mpaka aombe kurudi. Yurub alileta uji mwepesi asubuhi na jioni, akamnywesha kwa kijiko ili asihitaji kutafuna. Sahara alimfunga Idman shali la joto na kungoja, kwa sababu kungoja ndiyo dawa waliyoambiwa.

Uvimbe ulianza kushuka. Sahara alimshukuru Mungu, akaanza kufikiria wateja wake, ambao baadhi walikuwa wameshahamia kwa muuzaji mwingine. Hapo ndipo Idman alipoamka na kusema, "Hooyo, maji yanakuja."

Sahara alitoka na mitungi. Bomba lilikuwa kavu, na mdomo wake ulikuwa na vumbi.

"Hakuna kitu. Umeota."

"Yanakuja. Yasikilize."

Mchana akasema tena. Jioni akasema tena, amekasirika, kwamba bomba limeachwa wazi na maji yanamwagika bure na hakuna anayelifunga. Sahara alimshika mkono akampeleka nje alione. Walipokuwa wakivuka ua mtoto aliyumba, akajishikiza ukutani, akatapika.

"Nyumba inazunguka," alisema.

"Ni njaa," alisema Sahara. "Hujala vizuri siku nyingi. Na hili joto."

Yurub, aliyekuwa mlangoni na bakuli lake, hakusema kuwa ni joto. Alimsaidia kumbeba mtoto ndani, akamlaza, akakaa naye hadi alipolala.

Siku ya pili yake, kabla ya adhana, kulikuwa na vishindo ukutani.

"Sahara," sauti ya Yurub iliita. "Umelala? Maji karibu yanaisha."

Sahara aliketi. Sasa alilisikia bomba mwenyewe, likitoa maji kwa nguvu, na mitungi ya majirani ikigongana. Kando yake Idman alilala ubavu, sikio la kulia kwenye mto, la kushoto juu, na hakuwa ametikisika.

"Idman."

Mtoto alivuta pumzi taratibu.

"Idman. Maji."

Alimwita kwa sauti iliyomfanya Yurub anyamaze upande wa pili wa ukuta. Mwishowe alimgusa. Idman alifumbua macho mara moja, akageuza kichwa, akasikia bomba.

"Mbona hukuniamsha?" alisema.

Sahara hakwenda kwa mitungi. Aliwasha tochi ya simu, akakaa mbele ya mwanawe, akaliziba sikio lake la kulia kwa kiganja. Kisha akaliita jina lake. Aliliita tena. Idman alikuwa akiutazama mdomo wake.

"Sema, hooyo," Idman alisema. "Unachezesha mdomo tu. Mbona husemi?"

*

Daktari wa masikio katika hospitali ya mjini alikuwa kijana mpole aitwaye Mwiti. Alimvisha Idman vipokea sauti, akatazama mashine yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alimwelekea Idman kwanza, kisha akasita, kwa sababu hakutaka mtoto awe ndiye wa kumwambia mama yake. Alitoka nje, akamleta mfagizi wa wodi ajuaye Kisomali.

Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Angetoa vidonge, lakini hakutaka kumdanganya mama, vidonge hivyo mara nyingi havirudishi kitu. La kulia lilikuwa likisikia, na wangelipima tena kila mwezi.

"Kwa nini kila mwezi kama linasikia?" Sahara aliuliza.

Mfagizi aliuliza. Daktari alisema ni kwa uangalifu tu.

Walirudi sokoni, kwa sababu maziwa hayangoji. Idman alikaa mahali pake pa siku zote, na wateja wakaja. Mwalimu Morris, mtu wa bara aliyenunua maziwa kila wiki, alisimama upande wa kushoto na kuita. Aliita tena. Idman alikuwa akihesabu vifuniko.

"Haka kasichana siku hizi kana maringo," mwalimu aliwaambia watu. "Nakaita kananyamaza. Ama mpaka niite madam?"

Watu walicheka. Idman alisikia kicheko, akajua kinamhusu, akageuka upande wa kulia kumtafuta mwenye kusema. Hakukuwa na mtu. Akageuka nyuma. Kicheko kikaongezeka.

Sahara alisimama. Alitafuta maneno kwa Kiswahili, na aliyokuwa nayo yalikuwa ya lita na nusu lita.

"Hana maringo," alisema. "Si hifyo. Sikio... hii moja imekufa. Ni ile ya kufimba. Wewe ongea bole bole, hapa."

Akaonyesha upande.

Mwalimu Morris alizunguka meza na chupa yake, akachuchumaa upande wa kulia wa mtoto mpaka suruali yake ikagusa matope ya maziwa. "Naomba lita moja, Idman," alisema. "Pole. Sikujua."

Kerrow alifika jioni ya siku hiyo. Alikuwa ameshaambiwa kwa simu, lakini mtu akiambiwa kwa simu hajaambiwa. Aliingia uani na samli aliyoibeba kutoka Banissa, akamwona binti yake amempa mgongo na sikio la kushoto, akaita kwa jina la utani alilomwita tangu akiwa anatambaa. Hakugeuka. Kerrow alibaki pale na chombo cha samli mkononi. Sahara alimwona kutoka jikoni, akakaa huko huko, ili asiwe na mtu wa kumtazama.

Usiku Kerrow alisema, "Mimi ndiye niliyesema kijana."

"Mimi ndiye niliyefungua kitambaa," alisema Sahara.

*

Sista Nkirote alikuja siku ya mapumziko yake. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameona jina kwenye barua ya hospitali, akauliza njia mtaani, akaja na matunda ndani ya mfuko. Sahara alimtandikia mkeka, akamwekea chai ya maziwa ya ngamia. Keinan alisalimia, akaona haya, akatoka. Mkono wake ulikuwa mzima na mashavu yake hayakuwa na uvimbe.

Idman alikaa katikati yao, amejigeuza kidogo ili wote wawili wawe upande wa kulia.

"Muulize ile hesabu," alisema Sahara. "Ile aliyotuambia. Sikio lako liko wapi ndani yake?"

"Anauliza ile hesabu uliyotuambia," alisema Idman. "Sikio langu liko wapi ndani yake?"

Nkirote alishikilia kikombe bila kunywa. Angeweza kusema kwamba yeye hakuipiga hesabu hiyo, na ingekuwa kweli.

"Mwambie limo," alisema. "Lakini wanaligawanya kwa watoto wote wa nchi. Likigawanywa hivyo linakuwa dogo, halionekani. Na watu wa huku wakiugua matubwitubwi hawaji hospitali, kwa hivyo hata la kugawanya halifiki. Hili lako nitaliandika. Ni moja tu, lakini nitaandika. Na siku ambazo mama hakuuza maziwa, nazo nitaandika, na nauli ya kila mwezi. Sijui kama atasoma mtu."

Idman alitafsiri yote, na safari hii hakufupisha.

Sahara alikunja ncha ya mtandio wake. Aliongea akitazama mkeka. "Mwambie asijilaumu. Hata mimi nilipiga hesabu. Nilikuweka wewe upande mmoja na kaka yako upande mwingine, nikatazama, nikachagua. Mwambie hivyo."

Idman alikitazama kikombe cha muuguzi.

"Anasema nini?" Nkirote aliuliza.

"Anasema unywe chai, inapoa."

Nkirote alimtazama mama, akamtazama mtoto, akanywa chai yote bila kuweka kikombe chini.

Aliaga jua lilipopungua. Sahara alimfungia samli kidogo kwenye chupa, naye akaikataa, kisha akaichukua alipoona Sahara ameishika kwa mikono miwili bila kuishusha. Idman alimsindikiza hadi kwenye lango la mabati. Hapo, mama yake akiwa mbali, aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sista, na hili lingine?"

"Tunaliangalia."

"Linaweza kwenda?"

"Mara nyingi haliendi."

"Mara nyingi," Idman alirudia. Alikuwa amezoea kuyapima maneno ya watu wakubwa kabla ya kuyavusha. "Hata shavu mara nyingi linavimba tu, linaenda."

Nkirote alimshika kichwa, akakiegemeza ubavuni mwake, akakiacha hapo.

"Likienda," alisema Idman, "nani atamwambia hooyo watu wanasema nini?"

Mtaani mtoto fulani aliita mwenzake, mara moja, na Idman akatazama upande ambao sauti haikutoka. Alijua amekosea. Aliona usoni mwa muuguzi. Akashika mkono wake, akamzungusha polepole, mpaka Nkirote akasimama kulia kwake.

"Uje tena, sista," alisema. "Usingoje mwezi uishe. Na ukija usiniite kutoka langoni. Ingia tu, ukae upande huu."